Alama za Dole Gumba

Orodha ilikuwa imechapwa vizuri. Namba ya jalada, kichwa cha jalada, miaka, na kwenye safu ya mwisho neno lilelile likijirudia kutoka juu hadi chini: kuteketeza. Kazi niliyopewa ilikuwa kulinganisha orodha na majalada yenyewe, moja baada ya jingine, kuhakikisha kilichoandikwa ndicho kilichomo. Stoo iko nyuma ya ofisi, ina dirisha moja, na bati lake lilikuwa limeshika joto la Oktoba. Oktoba ya Tabora mnaijua.

Katikati ya boksi moja nikatoa jalada jembamba, kava la kaki limefifia mpaka limekuwa kama vumbi. Malipo ya vibarua, 1971 na 1972. Ndani yake karatasi za mistari: jina, siku alizofanya kazi, kiasi, sahihi. Kwenye safu ya sahihi karibu hakuna aliyeandika jina lake. Walikuwa wamebonyeza dole gumba, wino wa zambarau, mmoja chini ya mwingine. Nyingine zimetoka safi, mistari ya ngozi unaiona. Nyingine zimebaki doa tu, mtu alikuwa na haraka au mkono ulikuwa na jasho. Mmoja alibonyeza nje ya mstari wake, akaangukia kwenye jina la mtu wa chini. Karani akachora mshale mdogo kwa penseli, kuurudisha ule wino kwa mwenyewe.

Ule mshale ndio ulionisimamisha.

Nilikuwa kwenye mafunzo kwa vitendo ya utunzaji wa kumbukumbu, na kwa kanuni zote nilizofundishwa jalada lile lilistahili kuwa kwenye orodha. Hati za malipo zina muda wake wa kukaa, na muda wa hizi ulikwisha miaka mingi kabla sijazaliwa. Hakuna aliyekosea. Nikalirudisha kwenye boksi, nikaweka alama ya vema, nikaendelea na jalada lililofuata.

Nimekaa na alama ile ya vema kichwani wiki nyingi sasa, na ndiyo sababu ya makala haya.

## Shamba la bibi

Nilipomaliza kidato cha sita, kila mtu nyumbani alijua nitakuwa mwalimu. Masijala haikuwa kwenye mazungumzo. Kwa wengi wetu masijala ni mahali mtumishi anapopelekwa akigombana na mkuu wake: chumba cha vumbi, kiti kibovu, na kazi ya kutafuta faili ambalo halionekani mpaka utoe kitu kidogo. Nami nilikuwa na picha hiyohiyo.

Kilichonigeuza ni kesi ya shamba la bibi yangu, upande wa Sikonge.

Historia ya Operesheni Vijiji sina haja ya kuwasimulia. Babu alihamishwa, akapewa eneo katika kijiji kipya, akalima mpaka akafa, na watoto wakaendelea. Miaka ikapita, ikaja familia nyingine ikisema eneo lile ni lao, babu aliazimwa tu. Baraza la ardhi la kata likaita mashahidi. Mashahidi wetu wa kweli walikuwa makaburini. Waliobaki walikuwa watoto wakati huo, na kila mmoja alikumbuka kadiri ya upande aliokuwa amekaa barazani.

Mtendaji wa kijiji, kijana tu, ndiye aliyesema tutafute kaunta buku za zamani. Ofisini hazikuwepo. Katibu wa kijiji wa miaka ile alikuwa akiandika mihtasari nyumbani kwake, na alipofariki ziliendelea kukaa kwa mjane wake, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Yule bibi hakuwa na habari kwamba ni mali ya kijiji. Alizitunza kwa sababu zilikuwa na mwandiko wa mumewe.

Ukurasa ulipatikana. Mkutano wa Halmashauri ya Kijiji, 1977, ajenda ya ugawaji wa mashamba. Jina la babu, na mpaka wake: kutoka mkuyu mkubwa kushuka hadi mfereji. Mkuyu bado upo. Kesi ikaisha siku hiyohiyo.

Nyumbani walipika. Mimi nilibaki na ukurasa ule machoni, hasa nusu yake ya chini. Mchwa walikuwa wamekula kuanzia kona ya kulia, wakapanda. Jina la babu lilikuwa mstari wa mwisho uliokuwa mzima. Chini yake yalikuwepo majina mengine, yamebaki herufi mbilimbili. Jirani yetu mmoja, naye alikuwa na mgogoro wake, alikuja kuuliza kama la baba yake limo. Tukamfungulia. Akaangalia pale palipoliwa, akaaga, akaondoka.

Sisi tulishinda kwa sababu mchwa walianzia upande wa pili.

Haikutosha kwangu kwamba tumeshinda. Nilitaka kujua ni kazi ya nani kuhakikisha karatasi ya jirani nayo inafika. Nilipoambiwa kazi hiyo ipo, ina chuo na ina mishahara, nikaanza kuomba.

## Uhazili

Chuo cha Utumishi wa Umma, kampasi ya Tabora. Wazee wa mji bado wanakiita Uhazili, kwa sababu ya chuo cha makatibu muhtasi kilichokuwapo kabla. Darasani tulikuwa wengi, na wengi walikuwa wamekuja kwa sababu kozi waliyoitaka iliwakataa. Silaumu. Ajira ni ajira. Lakini ilikuwa vigumu kusema mbele yao kwamba mimi nimeichagua.

Tulianza na masijala yenyewe: barua inavyopokelewa, inavyogongwa mhuri, inavyoingizwa kwenye rejista, inavyopewa namba ya folio, yaani namba ya mfuatano wake ndani ya jalada, na jalada linavyofuatiliwa likitoka mezani kwa huyu kwenda kwa yule. Kisha safari nzima ya kumbukumbu. Kwanza ni hai, inatumika kila siku. Ikipoa inaitwa tuli, inahamishiwa kituo cha kutunzia. Mwisho wake ni njia mbili: iteketezwe, au ibaki milele kama nyaraka.

Kilichonishika zaidi ni kanuni mbili, ya kwanza Wafaransa waliiwekea mwongozo mwaka 1841, ya pili ikatoka kwa Waprusia baadaye, na dunia nzima ya fani hii ikazifuata. Karatasi za ofisi moja zisichanganywe na za nyingine hata kama zinazungumza jambo moja. Na mpangilio walioupanga wenyewe walipokuwa wakifanya kazi usivunjwe. Maana barua peke yake inasema kidogo. Inasema zaidi ukijua ilikaa baada ya barua gani, kwenye jalada la nani, na nani aliiandikia dokezo pembeni. Yule bibi wa Sikonge hakusoma kanuni hizi, lakini hakuzichanganya zile kaunta buku, na ndiyo maana ukurasa wa 1977 ulipatikana kwa kufungua tu.

Mwenzangu mmoja wa darasani alitoka Ulyankulu. Wazazi wake walikimbia Burundi mwaka 1972. Uraia wa Tanzania ulipokuja kutolewa mwaka 2014 kwa watu takribani 162,000 wa makazi yale ya zamani ya wakimbizi, Ulyankulu, Katumba na Mishamo, familia yake ilikuwa na kila karatasi waliyowahi kupewa tangu siku ya kwanza, imefungwa kwenye nailoni. Baba yake aliwafundisha hivi: nyumba ikishika moto, toa watoto, kisha toa karatasi. Yeye hakuhitaji kuelezwa kwa nini kozi ile ipo.

Tulifundishwa na mambo madogo ya mikono, ambayo nayapenda kuliko nadharia. Pini ya chuma itolewe kabla haijapata kutu, maana kutu hula karatasi taratibu na kuacha tundu. Selotepu ni adui: gundi yake hugeuka njano, hupenya, na ikishapenya haitoki. Karatasi yenye ukungu haianikwi juani, inakaushwa kivulini penye hewa. Boksi lisiguse sakafu wala ukuta, hapo ndipo mchwa wanapopandia.

Shaka yangu kubwa ilikuja na kompyuta. Serikali inahamia kwenye ofisi mtandao, majalada yanafunguliwa kwenye mfumo, na ndugu yangu mmoja aliniuliza kwa huruma kabisa: unasomea kazi inayokufa? Nilikosa usingizi kwa swali lile. Baadaye, kwa vitendo, nikaona lilivyo. Nyaraka iliyoskaniwa ikapewa jina la “skani0047” imepotea kama iliyoliwa na mchwa, tena bila hata kubakiza herufi mbili. Diski huharibika, programu hubadilika, na faili la miaka kumi na tano iliyopita huenda lisifunguke kwenye mashine ya leo. Karatasi inaweza kuvumilia usahaulifu miaka hamsini. Faili la kompyuta linataka mtu wa kulihamisha kila teknolojia inapobadilika.

## Kwihara na wabebaji

Ukitoka mjini kwenda Kwihara utaikuta tembe alimokaa Livingstone, yule mmisionari na msafiri Mwingereza, mwaka 1872. Watalii huenda kwa ajili yake. Mimi huenda kwa ajili ya karatasi zake.

Mwaka 1871, akiwa Nyangwe kwenye Mto Lualaba, nchi ya Kongo ya leo, aliishiwa karatasi na wino. Akaandika shajara yake juu ya magazeti ya zamani ya Kiingereza, akikatiza maandishi yaliyochapwa, kwa wino uliokamuliwa kwenye mmea. Wino ule ukafifia mpaka haukusomeka. Huko Nyangwe, Julai mwaka ule, alishuhudia mauaji ya watu sokoni, na aliyoyaona aliyanakili baadaye kwa mwandiko safi. Daftari hilo safi alimkabidhi Stanley, mwandishi wa gazeti aliyekuja kumtafuta, wakati wa kuagana hapa kwetu Machi 1872, alipeleke Uingereza. Kwa zaidi ya miaka mia nakala ile ndiyo iliyosomwa. Mwaka 2011 watafiti waliyapiga magazeti yale picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, maandishi yakajitokeza, na ikaonekana kwamba alichoandika siku zile na alichokinakili baadaye havifanani kila mahali. Rasimu chafu, iliyoandikwa juu ya gazeti, ilikuwa na mambo ambayo nakala safi ilikuwa imeyalainisha.

Mwalimu angeweza kunieleza umuhimu wa nyaraka halisi kwa muhula mzima. Habari hiyo ilinitosha.

Na nani aliyezifikisha karatasi alizobaki nazo? Alipokufa Mei 1873 huko Chitambo, nchi ya Zambia ya leo, watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili pamoja na vitu vyake na maandishi yake. Jacob Wainwright, aliyejua kusoma na kuandika, alikuwa miongoni mwao. Walipofika Unyanyembe, yaani hapa Tabora, walimkuta Mwingereza Cameron, akawashauri wauzike mwili hapahapa. Wakakataa. Wakaendelea mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Najiuliza mara nyingi juu ya kukataa kule. Wangeweza kuacha mzigo. Waliona kwamba si wao wa kuamua uishie hapo.

Majina ya wachache wao tunayajua. Lakini wabebaji wa Kinyamwezi waliopita njia ile mwaka baada ya mwaka, na pembe za ndovu, vitambaa na shanga mabegani, wako kwenye vitabu kama idadi: mizigo mingapi, watoro wangapi. Chuo kilipotupeleka Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa pale Upanga, Dar es Salaam, tulioneshwa majalada ya utawala wa Wajerumani, yale ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye rejista ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Chumba cha kusomea kinataka penseli, kalamu za wino zinabaki nje. Nilisimama mbele ya shelfu zile kwa heshima yote. Hata hivyo nilijua kwamba sauti iliyohifadhiwa mle ni ya aliyekuwa na kalamu. Mtu wetu yumo kama kodi, kama kazi, kama kosa.

Ndipo lile jalada la vibarua liliponirudia kwa nguvu. Vidole vile vilikuwa vya wenyewe.

## Dokezo

Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Na. 3 ya mwaka 2002, haimruhusu mtu kuteketeza kumbukumbu ya umma kwa kuamua tu mwenyewe. Lazima idhini itoke kwa Mkurugenzi wa Idara. Orodha yetu ilikuwa bado haijatumwa. Nafasi ilikuwepo.

Nikamwendea msimamizi wangu, mama ambaye amekaa masijala tangu enzi za taipureta. Nikamweleza. Akanisikiliza hadi mwisho, akaniuliza:

“Mwanangu, na majalada mengine yote ya malipo je? Nayo yana watu.”

“Najua, mama.”

“Tukibakiza yote, chumba kitajaa, halafu hakuna atakayeona hata moja. Umeshawahi kutafuta faili kwenye stoo iliyobakiza kila kitu?”

Nimewahi. Siku nzima, mikono myeusi, na mtu wa watu amekaa kwenye benchi nje akisubiri. Hoja yake ilikuwa ya kweli, na ndiyo iliyonisumbua hasa. Niliingia kwenye fani hii nikidhani mtunza nyaraka ni mtu wa kuokoa. Nikakuta sehemu kubwa ya kazi ni kuruhusu vitu viondoke, na kuweka sahihi yako chini yake. Ofisi yoyote huzalisha karatasi nyingi kuliko uwezo wa nchi kuzitunza. Kwa hiyo mtu fulani, kwenye chumba chenye joto, anaamua mjukuu wa nani atakuja kukuta jina na wa nani atakuta herufi mbili. Mchwa hawachagui. Mimi nachagua.

Niliamua kuandika dokezo, maelezo mafupi ya kuomba jalada lile libaki, nikakaa nalo jioni kadhaa. Sikutaka kuandika kwamba jalada linanigusa moyo, maana kuguswa kwangu si kigezo. Niliandika kwamba majina ya vibarua wale hayapo kwenye majalada binafsi ya watumishi, kwa kuwa hawakuwa waajiriwa wa kudumu. Orodha ya malipo ndiyo ushahidi pekee ofisini kwamba walifanya kazi. Na katika mfululizo mzima wa miaka ile, jalada hili peke yake lina karatasi zote. Nikapendekeza mengine yaende na hili libaki kama sampuli.

Mama akasoma, akaniuliza nani atakuja kuliulizia. Nikamjibu kwamba mwaka 1977 hakuna aliyejua nani angekuja kuulizia mkuyu. Akaweka sahihi, akalipeleka mbele.

Idhini ilikuja, na jalada lile halikuwemo kwenye yaliyoruhusiwa kuteketezwa. Mengine yaliruhusiwa. Nilikuwepo yalipochomwa, kwa kuwa lazima awepo shahidi, na niliyahesabu yakiingia. Karatasi iliyobanana haiungui upesi. Unaichokonoa kwa mti, kurasa zinafunguka moja moja, na kwa muda mfupi kila moja inasomeka kabisa kabla haijakunja. Nilisoma majina. Sikuweza kujizuia.

Nilipofika nyumbani nilijiuliza kama naiweza kazi hii, na jibu halikuja usiku ule. Lilikuja polepole, nilipogundua kwamba kila niliyemwona akifanya uamuzi huu bila kusita, simwamini na majalada yangu.

## Ukurasa wa mzee

Likizo iliyopita nilikwenda kijijini. Kwa ridhaa ya mwenyekiti na mtendaji, nilianza kuziorodhesha zile kaunta buku, ambazo sasa zimehamia ofisi ya kijiji. Kuzifuta vumbi kwa brashi laini, kutoa pini, kuandika kila moja ina miaka gani na ajenda gani, kuziweka kwenye boksi juu ya ubao.

Habari zikasambaa. Asubuhi moja akaja mzee, tukaamkiana mwangaluka, akakaa. Hakuzunguka sana.

“Mjukuu wangu, humo kuna ukurasa wa baba yangu. Alitozwa faini mbele ya kijiji. Wajukuu zangu wanasoma sasa. Uutoe.”

Hapo hakukuwa na sheria ya kunikinga haraka. Aliyekuwa akiomba si bosi anayeficha wizi. Ni mtoto anayemsitiri baba yake, na kwetu hilo ni jambo zito. Nikamwambia siwezi kuuchana, kwa sababu kitabu si changu wala si cha mtendaji, na nyuma ya ukurasa uleule kuna mgao wa mashamba ya watu wengine. Nikamwambia pia kwamba kwenye orodha yangu sitaandika jina. Nitaandika “adhabu ndogondogo, 1979”, na atakayetaka kusoma ataomba kwa mtendaji akieleza sababu.

Akanyamaza. Kisha akauliza, “Na mahali walipoandika kwamba alilipa, umepaona?”

Sikuwa nimepaona. Tukakaa wote wawili kwenye benchi, nikafungua taratibu, yeye akifuata mistari kwa kidole bila kuigusa karatasi. Kurasa chache mbele palikuwepo: faini imelipwa, mbuzi mmoja, kijiji kimeridhika, jambo limefungwa. Pembeni, alama ya dole gumba la baba yake.

Aliomba nakala ya ukurasa huo wa pili. Nikamwambia huo peke yake hautaeleweka, faini ya nini, imelipwa kwa nini. Akafikiri, akakubali nimpigie picha zote mbili, nikazichapisha mjini na kumpelekea kwenye bahasha.

Baada ya hapo wamekuja wengine wawili, mmoja na ombi kama lile, mwingine akiwa na kaunta buku la 1983 ambalo baba yake, aliyekuwa mjumbe, hakuwahi kulirudisha. Lina ukungu upande wa mgongo na kurasa zimeshikana. Limekaa kwenye chumba cha mtendaji, kivulini, limesimamishwa wima na kurasa zimeachanishwa kidogo kidogo. Likikauka tutaanza kuliorodhesha.